Barua kwa Mwalimu: Maneno 19 kwenye ukurasa mmoja wa biolojia

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi habari za Profesa Paul Nation wa New Zealand, mtu ambaye kazi yake yote ya chuo kikuu imezunguka swali moja: anayejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni anahitaji maneno mangapi, na ayapate kwa njia gani? Nilidhani ni mada ya walimu peke yao, kumbe wazazi ndio walioandika zaidi. Nimechagua barua sita. Iliyonikaa moyoni naitanguliza, na jibu lake ni refu kuliko mengine.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu alimaliza shule ya msingi ya serikali hapa kwetu vizuri kabisa, hisabati na sayansi zote A. Sasa yuko kidato cha kwanza na amebadilika. Hasemi, hataki kufungua daftari. Nimeitwa shuleni nikaambiwa ni mvivu na hajitumi. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua, uvivu hana. Nifanye nini?
*Mama wa Kihonda, Morogoro*

Marahaba mama. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa vitabu vyake vya biolojia na vingine ni vya Kiingereza. Kabla ya kumpeleka tuisheni na kabla ya kumgombeza, naomba ufanye jambo moja. Chukua kitabu chake cha biolojia na penseli laini. Fungueni ukurasa wa somo wanaloendelea nalo, mhesabu maneno 100 kuanzia mwanzo wa aya. Mwambie apige mstari chini ya kila neno ambalo hawezi kukuambia maana yake kwa Kiswahili. Usimkemee hata kidogo. Kaa naye tu.

Mwezi Machi nilifanya hivyo na mjukuu wa jirani yangu, binti wa miaka 14, mezani pangu jikoni. Alipiga mistari 19. Na angalia alipigia yapi. "Cell" alilijua. "Photosynthesis" alilijua, tena alinichorea jani na mishale yake. Maneno yale mwalimu aliyaandika ubaoni, akayatafsiri, wakayanakili. Yaliyomwangusha ni mengine kabisa: "occur", "release", "require", "respond", na "whereas", ambalo alilisoma "wherasi" akaniangalia kama anaomba radhi. Hakuna mwalimu wa biolojia anayesimama kueleza "whereas". Anaona hilo ni Kiingereza tu, kazi ya mwenzake wa somo la Kiingereza. Mwenzake naye anaona hilo ni neno la biolojia. Mtoto anabaki katikati, na sentensi nzima inashikiliwa na neno lile lile lisilo na mwenyewe.

Ili uone alivyo, soma hii:

"Juma alipofika kwenye mchilo alimkuta baba yake ameshika ng'weo akigweba majani huku akisubiri mvua. Alimwambia: Mwanangu, usisahau kulwemea zile mbuto zote kabla ya jua kuzama."

Yako maneno 25 hapo, na matano nimeyatunga mwenyewe, hayana maana yoyote. Umemwona Juma, umemwona baba, umejua kuna mvua na jua. Sasa nikikuuliza Juma ameagizwa afanye nini, utasema nini? Utanyamaza. Nikikuita mvivu, utajisikiaje? Matano kwa 25 ni sawa na 20 kwa 100. Binti yule alikuwa na 19.

Mfano wangu nimeuchukua kutoka kwenye jaribio ambalo Marcella Hu na Nation walilichapisha mwaka 2000. Waliwapa wanafunzi hadithi fupi, wakaondoa baadhi ya maneno na kuweka badala yake maneno ya kubuni. Kundi moja lilipata hadithi yenye maneno ya kubuni 20 kwa kila 100, jingine 10, jingine matano, jingine halikuwa na hata moja. Waliokuwa na 20 hawakuelewa hata mmoja wao kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa hesabu zao, wengi wataweza kusoma peke yao bila msaada wakiwa wanajua maneno 98 katika 100. Yaani neno moja geni katika kila 50. Mtoto wako anatakiwa asome, aelewe, ajibu mtihani, na huenda anagongana na neno geni kila baada ya matano.

Sasa cha kufanya. Kwenye yale yaliyopigwa mstari, msichukue yote. Chagueni matano yatakayorudi: "occur" litarudi kwenye jiografia, "require" litarudi kwenye fizikia. Kila moja liandikeni kwenye kipande cha karatasi ngumu (boksi la dawa ya mbu linatosha), Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Ayapitie leo, kesho, baada ya siku tatu, halafu wiki ijayo, akijaribu kukumbuka kabla ya kugeuza. Kugeuza haraka kunaua kazi yote. Dakika kumi kwa siku, si zaidi.

Halafu, mama, nenda shuleni na ukurasa ule wenye mistari ya penseli. Usiende kugombana. Mwekee mwalimu mezani, umwambie, "Haya ndiyo mwanangu asiyoyajua." Nimewahi kuona walimu wagumu wakikaa kimya mbele ya ukurasa kama huo.

Mwalimu, umemsifu sana huyu Nation. Ni nani hasa, na kwa nini mtu wa Wellington atufundishe sisi mambo ya shule zetu?
*Msomaji wa Mwanza*

Swali la haki, mdogo wangu.

Nation ni profesa mstaafu wa isimu tumizi (elimu ya lugha inayosaidia mambo kama kufundisha) katika Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington. Pale kulikuwa na taasisi ya Kiingereza iliyowapokea walimu kutoka nchi za Asia waliokuwa wakifundisha Kiingereza kwa watoto wasiokisikia nyumbani. Kwa hiyo tangu mwanzo maswali aliyokutana nayo hayakuwa ya London. Mwenyewe alifundisha pia Indonesia, Thailand, Japani, Finland na Marekani. Mtu aliyesimama mbele ya darasa la Indonesia anajua kitu kuhusu darasa la Mwanza.

Na hakuanza yeye. Nyuma yake yuko Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu huko Bengal na kuongoza chuo cha ualimu Dhaka, ambayo leo iko Bangladesh. West aliwaona watoto wa Kibengali wakipewa vitabu vyenye maneno ambayo hawatayakuta tena maishani, akaanza kuandika vitabu vya kusoma vyenye maneno machache yanayorudiwa. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi. Kuhesabu enzi hizo kulifanywa kwa macho na kalamu. Orodha ile imezeeka, zimetoka mpya, lakini ilionyesha jambo kubwa: katika maandishi mengi ya kawaida, maneno hayo 2,000 hubeba karibu 80 katika kila maneno 100. Maelfu na maelfu yaliyobaki yanagawana zile 20.

Nation alichofanya ni kugeuza habari hiyo iwe chombo cha mwalimu. Mwaka 1983 alichapisha mtihani wa viwango vya msamiati. Ni mtihani mwepesi kuutazama: maneno sita kushoto, maana tatu kulia, unachagua. Sehemu ya kwanza ni ya maneno 2,000 ya kawaida, inapanda hadi maneno ya ngazi ya 10,000. Kwa nusu saa unajua mwanafunzi wako amesimama wapi. Mwaka 1990 kikatoka kitabu chake cha kufundishia msamiati, na mwaka 2001 kile kikubwa zaidi, ambacho amekirudia kukiandika upya mara mbili, 2013 na 2022. Fikiria mtu anayerudi kwenye kitabu chake baada ya miaka 20 kwa sababu utafiti umesogea. Ndiyo tabia ninayoipenda kwake kuliko zote.

Ya pili ni kwamba ametoa vitu vyake bure. Mitihani, programu ya kompyuta ya kupima kitabu kina maneno ya ngazi gani, vitabu vya kusoma vilivyorahisishwa, mazoezi ya kusoma kwa kasi, vyote viko kwenye intaneti na mwalimu yeyote anaweza kuvichukua. Mimi sijawahi kumwona mtu huyu. Kitabu chake cha 1990 nilikipata kwa kuazima, nikakitoa fotokopi sura tatu kwa mshahara wa mwalimu, na sura hizo bado ninazo zimeshonwa kwa uzi.

Tena si kazi ya mtu mmoja. Averil Coxhead alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili pale pale Wellington alipokusanya maandishi ya chuo kikuu yenye maneno milioni 3.5, kutoka masomo 28 ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Aliuliza: ukiweka kando yale 2,000 ya West, ni maneno gani yanajitokeza kila mahali, iwe sheria au kemia? Akapata koo 570 za maneno (ukoo ni neno pamoja na ndugu zake, kama "require" na "requires"), zikachapishwa mwaka 2000. Hizo tu hubeba karibu maneno kumi katika kila 100 ya maandishi ya kitaaluma, wakati kwenye hadithi hazifiki hata mawili. "Occur", "require", "respond", "release", "whereas" yamo humo. Yale yale ya binti wa mezani pangu. Siku nilipoiona orodha ile mara ya kwanza nilihisi kama mtu ameingia darasani kwangu usiku akakusanya makosa ya wanafunzi wangu.

Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha pili, darasa lina wanafunzi 84, hatuna maktaba. Mambo ya Nation ni ya watu wenye nafasi. Au nakosea?
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Mimi nimefundisha 70 wakikaa watatu watatu, kwa hiyo sitakuambia maneno ya hewani.

Kitu cha kwanza nilichokipata kwa Nation ni kupunguza. Anasema somo la lugha lina nyuzi nne: kusoma na kusikiliza ili kupata ujumbe, kusema na kuandika ili kutoa ujumbe, kujifunza lugha yenyewe (maneno, matamshi, sarufi), na kuzoea kutumia kwa wepesi kile unachokijua tayari. Kila uzi upewe robo ya muda. Jipime mwenyewe wiki moja. Mimi nilipojipima niliona uzi wa tatu umekula karibu kila kitu na ule wa nne haupo kabisa. Wanafunzi wangu walikuwa wanajifunza maneno mapya kila siku wala hawapati nafasi ya kuyazoea ya jana.

Kwa wanafunzi 84 kuna zoezi ambalo hakulibuni yeye ila alilifanyia utafiti, nalo halihitaji hata chaki. Wapange wawili wawili. Mmoja anamsimulia mwenzake jambo kwa dakika nne, jinsi ya kupika ugali, safari ya kwenda kwa bibi, lolote analolijua. Anahama, anamsimulia mtu wa pili jambo lile lile kwa dakika tatu. Halafu wa tatu kwa dakika mbili. Darasa litapiga kelele kama soko la samaki, na mkuu wa shule anaweza kuja dirishani. Mkaribishe ndani. Ukimsikiliza mwanafunzi mmoja kwenye raundi ya tatu utasikia zile "eee" zimepungua na sentensi zimeungana.

La pili, usifundishe pamoja maneno yanayofanana. Vitabu vyetu vinapenda kufundisha rangi zote siku moja, matunda yote siku moja, "left" na "right" kwenye mstari mmoja. Nation aliandika kuhusu hatari hiyo, na majaribio ya watafiti wengine yanamuunga mkono: maneno mapya ya kundi moja yakiingia kichwani kwa pamoja yanagombana. Nina mwanafunzi wa zamani, sasa ni nesi, ambaye hadi leo akisema "borrow" anasimama kidogo kwanza. Nilimfundisha "borrow" na "lend" saa moja. Kosa ni langu. Fundisha moja, liache likae wiki mbili, ndipo ulete la pili.

Kuhusu vitabu nina uchungu, niruhusu niuseme. Mwaka 1987 ulianza mradi wa Uingereza wa kusaidia Kiingereza kwenye sekondari zetu, ukaleta vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi. Shule moja niliyokuwepo, siitaji, ilipokea masanduku yake. Vitabu vilihesabiwa, vikapigwa mhuri, vikafungiwa kabatini visije vikapotea. Havikupotea. Nilihama shule ile vikiwa vimefungiwa bado, karatasi zake zikiwa nyeupe kabisa. Kule Fiji, miaka michache kabla, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walikuwa wamepeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwenye shule za msingi za vijijini, na watoto waliovisoma wakawapita mbali wenzao waliofundishwa kwa kitabu cha kiada peke yake. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Ukipata vitabu 20 vyembamba tu, tengeneza boksi, mpe mwanafunzi mmoja daftari la kuazimisha. Vikirudi 15, hesabu ni faida. Na kama huna hata kimoja, waandike wenyewe. Insha nzuri za kidato cha tatu, zikishasahihishwa na kunakiliwa kwa mwandiko safi, ni kitabu cha kusomwa na kidato cha kwanza, tena zina maneno yanayowafaa.

Mwalimu nakuheshimu, lakini mbona unapoteza nguvu kurekebisha Kiingereza badala ya kudai Kiswahili kifundishie sekondari? Tatizo si maneno 19. Tatizo ni lugha yenyewe.
*Mzalendo, Zanzibar*

Ndugu yangu, kwenye hili hatuna ugomvi. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipita kwenye shule zetu kupima Kiingereza, wakaandika kwamba wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Pamoja na hayo lugha ya kufundishia haikubadilishwa. Wasomi wetu, akina Casmir Rubagumya na Martha Qorro, wameandika juu ya jambo hili miaka mingi kwa ushahidi. Nimesaini nilipoombwa kusaini, nimesema nilipopewa nafasi, na nitasema tena.

Lakini binti wa mezani pangu ana mtihani Novemba. Siwezi kumwambia asubiri sera.

Na usidhani utafiti wa msamiati uko upande wa Kiingereza peke yake. Nation ameandika wazi kwamba njia mojawapo iliyo bora ya kumpa mwanafunzi maana ya neno ni kumpa tafsiri ya lugha yake, na kwamba wanafunzi wakijadili kwanza jambo gumu kwa lugha yao, kazi watakayoifanya kwa Kiingereza inakuwa nzuri zaidi. Sasa linganisha na zile shule zinazomvika mtoto kibao shingoni kwa kusema Kiswahili uwanjani. Mimi mwenyewe nilikivaa kibao hicho nikiwa na miaka 13, cha mbao, kimefungwa kwa kamba ya katani, kwa kosa la kumwomba mwenzangu maji. Najua kilinifundisha nini: kunyamaza. Neno la Kiingereza hata moja hakikunipa.

Mimi ni fundi umeme, miaka 46, nimepata kazi Muscat. Kiswahili kule nasikia kinasaidia kidogo, lakini msimamizi ni Mhindi na tutazungumza Kiingereza. Nimebakiza wiki tano. Nimechelewa?
*Fundi, Tanga*

Hujachelewa, kaka. Kiswahili kitakusaidia kweli, maana Muscat wapo Waomani wengi ambao wazee wao waliishi Zanzibar na bara, na nyumbani bado wanakisema.

Kwa Kiingereza, mwaka 1991 Nation na mwenzake David Crabbe walitengeneza orodha ya maneno na misemo ya kumwezesha mtu kuishi katika nchi ngeni: salamu, bei, kuomba msaada, kuuliza njia, kusema "sijaelewa, rudia pole pole". Ni kama 120 tu. Kwa wiki tano ni manne kwa siku, na siku zitabaki. Yaseme kwa sauti, usiyasome kwa macho. Kisha ongeza maneno 60 ya kazi yako ambayo nina hakika nusu unayo tayari, maana fundi wa Tanga anasema "swichi", "soketi", "fyuzi" na "waya" kila siku. Anza na yale ya usalama. "Don't touch, it's live" lisikae kwenye karatasi, likae mdomoni.

Mwalimu, niko mwaka wa tatu, Dodoma. Nataka kufanya kazi kama yako, ila kwa maneno ya Kiswahili. Je, tuna orodha kama ya West? Na kazi yenyewe ikoje kila siku? Wenzangu wanasema ni kuhesabu tu.
*Mwanafunzi wa isimu*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili.

Ni kuhesabu, ndiyo. Wasikutishe wala wasikudharau kwa hilo. Nilipoanza sikuwa na kompyuta. Nilichukua kitabu kimoja cha jiografia cha kidato cha kwanza, nikaandika kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, nikavipanga kwa alfabeti kwenye maboksi ya viatu. Yalijaa manne. Mume wangu alikuwa akirudi anakuta meza haina pa kuweka sahani. Usiku mmoja wa Aprili mvua iliingia dirishani ikalowesha kuanzia M hadi P, nikavianika sebuleni kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Lakini kwa kushika kila neno kwa vidole nilikijua kitabu kile kuliko waliokiandika. Nilikuta maneno zaidi ya nusu yametokea mara moja tu, halafu basi. Mtoto anakutana nalo ukurasa wa 12, hatalikuta tena hadi kitabu kiishe, na wakati neno huhitaji kukutana nalo mara kumi au zaidi ndipo likae. Tangu siku hiyo sijaweza kukitazama kitabu cha kiada kwa jicho la zamani.

Sasa Kiswahili. Akiba ya maandishi ya kuhesabia ipo: Arvi Hurskainen na wenzake wa Helsinki wamekusanya mamilioni ya maneno ya Kiswahili na kutengeneza programu ya kuyachambua. Kwa hiyo hutaanika karatasi. Ugumu wako utakuwa mwingine, nao ndio utamu wenyewe: neno moja ni lipi?

Kwa Kiingereza, Laurie Bauer na Nation walikaa mwaka 1993 wakapanga ukoo wa neno kwa ngazi saba, kufuatana na viambishi vinavyoongezwa. Mtu akijua "help" tunakubali anajua "helps" na "helped", na pengine "helpful". Kwetu? Chukua "soma". Kuna anasoma, hawakusoma, nimekusomea. Je, mtoto anayejua "soma" anajua "nimekusomea"? Mzaliwa wa lugha, ndiyo. Mjapani anayejifunza Kiswahili, sina hakika hata kidogo. Endelea: someka, somesha, someshana. Halafu msomi, msomaji, usomaji, masomo, kisomo. "Msomaji" ni mtu yeyote aliyeshika gazeti, "msomi" ni jambo jingine. Ni ukoo mmoja au koo mbili? Kompyuta haitakuamulia. Utaamua wewe, na uamuzi wako utabadilisha hesabu yote inayofuata, kwa hiyo uandike kwa nini umeamua hivyo, kila mara, hata ukichoka.

Usianze na lugha nzima. Anza na vitenzi 50 vya kitabu kimoja cha darasa la tatu, uwaite watoto kumi, uwaulize ana kwa ana maneno wanayoyajua, uone kama ngazi ulizozipanga mezani zinasimama mbele ya mtoto. Zangu nyingi zilianguka, na nilipozipanga upya zilikuwa bora.

Na ukifika kwenye ukoo wa "soma", niandikie. Bibi yangu mzaa mama, ambaye jina lake ndilo nililopewa, hakunijua kwa jina lingine ila "somo". Aliniita hivyo tangu nikiwa mgongoni, "Njoo hapa somo wangu", naye hakuwahi kukanyaga darasa hata siku moja. Nataka kujua hilo utaliweka boksi gani.